Picha Iliyongoja Kukauka

Wiki tatu baada ya kunipa blanketi na chupa ya chai na kuniimbia wimbo wa kwaheri ya kustaafu, mlinipigia simu kuniuliza kama ningeandika yale niliyokuwa nikiwasimulia saa ya chai. Nilisema ndiyo haraka, halafu nikakaa siku nne nikijiuliza kwa nini nimesema ndiyo. Mnaonijua hamtashangaa. Sitaandika habari za vyeo. Nilipata vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo zaidi za kubeba. Nitaandika habari za picha moja. Nimepiga picha nyingi mno katika chumba chetu cha eksirei, lakini hii ndiyo ninayoweza kuichora nikiwa nimefumba macho, na ndiyo sababu nilikuwa nikiwapigia kelele mkimbie wakati ninyi mlitaka kumaliza chai.

Nilifika Machakos mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni, vyeti vyangu vimo ndani ya mfuko wa plastiki ili visilowe, ingawa haikuwa msimu wa mvua. Aliyenipokea ni Mzee Muli, mpiga picha mkuu, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyobadilika rangi kwa sababu ya dawa za kuoshea filamu.

"Wewe ndiye Mutheu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umewahi kuharibu picha?"

Nikisema hapana, ataniona mwongo. Nikisema ndiyo, ataniona mzembe. "Kidogo," nikasema.

"Hakuna picha iliyoharibika kidogo," akasema, akanipa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, nzito kama mtoto wa miaka mitano.

Ninyi mmezoea picha kutokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajateremka kitandani. Sisi tulikuwa na chumba cha giza. Filamu ilibanwa kwenye fremu ya chuma, ikazamishwa kwenye dawa ya kwanza, ikasuuzwa, ikazamishwa kwenye ya pili, ikaoshwa tena, kisha ikatundikwa ikauke. Kipimajoto kilikuwa kimevunjika kabla sijafika. Mzee Muli alipima joto la dawa kwa kidole cha mwisho, nami nilipojaribu kidole changu niliona kila siku maji ni yale yale. Hata dakika za kuosha nilizihesabu mara mbili, kwa saa ya ukutani na kichwani, na zilipotofautiana niliongeza moja.

Picha zilizokauka ziliingia kwenye bahasha za kaki na kungoja. Daktari bingwa wa kusoma picha alikuja kutoka Nairobi kila Alhamisi. Picha ya Ijumaa ilingoja siku sita. Lakini Mzee Muli alikuwa na desturi yake, na hospitali nzima iliijua. Ukiona kitu kinachotisha, hungoji. Unaitoa filamu majini, unaibeba ikidondoka korido nzima hadi kwa daktari aliye zamu, na wafagizi wanakutukana nyuma yako. Mtu akiona matone sakafuni alijua kuna mgonjwa amezidiwa. "Picha mbaya haingoji kukauka," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu ya dharura.

Katika mwezi wangu wa pili nilibeba filamu yangu ya kwanza ikiwa imelowa. Ilikuwa ya msichana wa shule aliyekohoa wiki mbili. Juu ya pafu lake niliona kitu kirefu chenye mafundo mafundo, sijawahi kukiona kitabuni, nikakimbia. Bwana Ndolo, ofisa wa kliniki aliyekuwa zamu, aliishika filamu dirishani, maji yakamchirizika hadi kwenye kiwiko.

"Mutheu," akasema, "hii uvimbe inasukwa na nani?"

Ulikuwa ni msuko wa nywele. Nilisahau kumwambia msichana aubane juu. Ndolo hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuchekesha watu, na kufikia saa ya chakula cha mchana hospitali nzima ilikuwa ikiniita Daktari Nywele. Mpishi aliniita hivyo akinipakulia githeri. Nilicheka pamoja nao. Kisha nililala nikiwaza nitafanya nini siku nikiona tena kitu ambacho sikijui.

Siku hiyo ilikuja Ijumaa moja ya mwaka ule ule. Mzee Muli alikuwa ameenda Masinga kumzika kaka yake na angerudi Alhamisi. Mgonjwa alikuwa mama wa miaka hamsini hivi kutoka Katangi, jina lake Katunge. Kwenye fomu Ndolo alikuwa ameandika neno moja, sainasi, na alama ya kuuliza.

"Wakya, mwaitu," aliniamkia kwa Kikamba; mwaitu ni mama, na sisi huitana hivyo kwa heshima.

"Aa," nikaitikia.

"Mimi niko na sukari, siyo hiyo sainasi. Lakini wamesema ni sainasi, basi wacha ikuwe sainasi. Sukari nishaizoea, tunagombana tu kama bibi na bwana."

Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba kidogo. Alisema limekufa ganzi, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, na jicho la upande huo linamuuma kwa nyuma. Alipofungua kitambaa cha mkononi kujifuta pua niliona kamasi nyeusi. Aliona nimeiona.

"Ni moshi ya jiko," akasema. "Napikia watu wengi."

Kwenye fomu hapakuwa na ganzi, wala jicho, wala kamasi nyeusi. Niliwaza kuyaongeza. Halafu nikawaza kwamba fomu ni ya daktari, na mpiga picha anayeandika kwenye fomu ya daktari anatafuta maneno.

Nilimkalisha akiutazama ubao wa kaseti, kile kisanduku bapa chenye filamu, kidevu kimegusa, pua iko mbali na ubao kwa vidole viwili, mdomo wazi. Ndivyo Mzee Muli alivyonifundisha.

"Hivyo vidole ni vya nini?"

"Ni kipimo, mwaitu."

"Shule yote hiyo, na kipimo ni vidole?" Akacheka, nikalazimika kumpanga upya.

Nilimwomba avue kitambaa cha kichwa. Nilikagua mara tatu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kabisa. Alisema joto la Katangi halitaki nywele. Nilifurahi mno. Chochote ambacho kingetokea kwenye picha ile, kisingekuwa msuko.

Picha ilitoka vizuri. Naomba mnielewe hapa: katika kazi yangu yote sijui kama niliwahi kupiga picha ya uso iliyonyooka kama ile. Sainasi ya kushoto ilikuwa nyeusi, yaani imejaa hewa, kama inavyotakiwa. Ya kulia ilikuwa nyeupe. Hilo halikunitisha, sainasi iliyojaa usaha huwa nyeupe, na watu hupona. Lakini kati ya sainasi na jicho kuna mfupa mwembamba unaoonekana kama mstari uliochorwa kwa sindano, sakafu ya jicho. Upande wa kushoto mstari ulikuwa mzima. Upande wa kulia ulianza vizuri kutoka puani, ukaenda, kisha ukakosekana kwa urefu wa punje ya hindi, halafu ukaendelea. Usaha hauli mfupa kwa siku chache.

Nilisimama mbele ya sanduku la taa huku filamu ikidondokea viatu vyangu. Kupitia dirisha dogo nilimwona Katunge kwenye benchi la duka la dawa, akingoja kuitwa, akimwambia jirani yake jambo lililomchekesha. Palikuwa na hatua arobaini kutoka kwangu hadi kwa Ndolo. Nilizihesabu baadaye.

Nikaanza kufikiri. Labda kichwa kiliinama kidogo. Lakini hakikuinama, upande wa kushoto ulikuwa umenyooka. Labda dawa ilikuwa baridi. Labda nirudie picha? Kila filamu iliyorudiwa iliandikwa kwenye daftari pamoja na sababu, na sababu yangu ingekuwa nini, kwamba ya kwanza ni nzuri mno? Labda nimpelekee Ndolo na kumuuliza tu, kwa sauti ya chini. Niliusikia mlango wa chumba chake ukifunguka na wauguzi wakicheka jambo alilosema. Nikawaza: atasema, Mutheu, leo umeleta nywele za nani?

Nikaitundika filamu ikauke.

Ilipokauka niliitia kwenye bahasha, nikaandika jina lake, na pembeni, kwa penseli, nikaweka alama ya kuuliza. Nilitaka daktari wa Alhamisi aangalie vizuri. Kisha nikawaza kwamba atauliza nani ameweka alama hii, na kama aliona kitu kwa nini hakukimbia. Nikachukua raba, nikaifuta.

Katunge aliitwa dirishani, akapewa vidonge, akarudi kwao.

Jumatatu niliitoa tena ile picha, nikaitazama, nikaamua kumwonyesha Ndolo. Kisha nikafikiri atauliza ilipigwa lini. Jumanne swali hilo lilikuwa zito zaidi, na Jumatano zaidi ya Jumanne. Vijana, hilo ndilo jambo ambalo chuo hakifundishi. Nilidhani ninangoja mpaka niwe na hakika. Kumbe kila siku niliyongoja ilikuwa inajenga ukuta mbele ya siku iliyofuata, na mjenzi ni mimi.

Alhamisi daktari bingwa alizitoa picha moja moja akiimba kwa pua, kama kawaida yake. Alipofika kwenye ile aliacha kuimba.

"Huyu mama yuko wapi?"

Mzee Muli, aliyekuwa amerudi asubuhi ile, alinitazama. Nikasema yuko nyumbani, Katangi. Daktari akauliza kama ana sukari. Nikasema ndiyo. Akauliza kama fomu ilisema hivyo. Nikasema hapana, aliniambia mwenyewe. Hakuuliza zaidi. Alipiga simu kwenye duka moja la Katangi lililokuwa na simu, na kesho yake asubuhi Katunge aliletwa na mumewe, Mzee Kioko, fundi wa mbao, penseli bado imo nyuma ya sikio kwa sababu alitolewa kazini.

Jicho la kulia lilikuwa limefumba na halikufunguka tena. Ndani ya mdomo, kwenye kaakaa, palikuwa na doa jeusi, tena halikuwa la kusafishika. Ni nyama iliyokufa. Daktari bingwa, ambaye hakurudi Nairobi jana yake, alitueleza kwa maneno machache. Kuna kuvu, ndugu wa ule ukungu wa mkate uliosahauliwa kabatini, ambayo sisi sote tunaivuta puani kila siku na haitufanyi kitu. Kwa mtu ambaye sukari imempanda sana hupata nafasi. Hutafuna sainasi, ikapita kwenye mfupa hadi kwenye jicho, na nyuma ya jicho kuna ubongo. "Hii haihesabiwi kwa wiki," alisema. "Inahesabiwa kwa siku." Hakunitazama aliposema hivyo. Ningependa angenitazama.

Wakati ule Machakos hatukuwa na siti-skani. Nilitumwa niende na gari la wagonjwa hadi Nairobi, nimebeba picha. Njiani Katunge alikuwa akilala na kuamka. Mara moja aliamka akanitambua kwa jicho lililobaki.

"Ni wewe wa vidole."

"Ni mimi, mwaitu."

"Picha yangu ilitoka vizuri?"

"Ilitoka vizuri," nikasema.

"Nilikaa kimya ndiyo maana," akasema, akalala.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona siti-skani ikifanya kazi. Kichwa cha mtu kilitokea kwenye kioo kipande baada ya kipande, kama mkate uliokatwa. Mpiga picha wa kule alikuwa mpole; alidhani nimekuja kujifunza. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu. "Hapa ni sainasi. Hapa ni jicho, angalia lilivyosukumwa. Sasa panda." Alisogeza vipande. Chini ya sehemu ya mbele ya ubongo palikuwa na kivuli, kimefifia, kama doa la mafuta kwenye karatasi. "Ishapanda," akasema. "Mmemleta mmechelewa kidogo."

Hakuna kuchelewa kidogo. Niliyasikia maneno hayo kama kwa sauti ya Mzee Muli.

Walimpasua, wakatoa walichoweza. Alifariki siku ya tatu.

Mwezi mmoja baadaye Mzee Kioko alikuja kuchukua picha, kwa kuwa picha ni mali ya mgonjwa. Nilimpa bahasha. Akapitisha dole gumba juu ya jina la mkewe, polepole, kama mtu anayekagua ubao kama umelainika, na dole likasimama pembeni ya jina. Fundi wa mbao anajua kwamba penseli ikifutwa, rangi huondoka na mkwaruzo hubaki.

"Hapa kulikuwa na nini?"

"Namba ya bahasha," nikasema. "Nilikosea nikafuta."

Akaitikia kwa kichwa. "Madaktari walisema hakukuwa na kitu mtu angefanya."

Alichukua kimya changu kuwa jibu, akanishukuru, akaenda.

Mzee Muli hakuwahi kuniuliza. Alistaafu baada ya miaka michache na kuniachia funguo. Miaka ya elfu mbili chumba cha giza kilifungwa, tukaletewa mashine iliyomeza filamu na kuitema ikiwa kavu. Hapakuwa tena na matone koridoni, wala wafagizi wa kututukana. Mimi niliendelea kukimbia na filamu kavu. Nilikimbia kwa mbavu zilizovunjika, kwa vivuli vya kifua ambavyo havikuwa kitu, na zaidi ya mara moja nilikimbia kwa nywele. Sikujali tena wananiitaje.

Ndipo alipokuja dereva wa lori kutoka upande wa Kinanie. Alikuwa na sukari, shavu limevimba, ganzi. Safari hii nilimuuliza mwenyewe habari ya kamasi, akasema ndiyo, nyeusi. Picha ilitoka na mstari wa sakafu ya jicho ulikuwa umeanza tu kufifia. Nilikuwa mlangoni kwa daktari kabla dereva hajafunga vifungo vya shati. Jioni ile ile alikuwa Nairobi. Siti-skani ya kwanza, ubongo ulikuwa safi. Wakampasua usiku huo, wakamwekea dawa ya kuvu kwenye dripu. Nilimwambia kila mtu. Nilikula vizuri wiki ile.

Siti-skani ya pili haikuwa safi. Alifariki wiki ya pili.

Sijui niwaelezeje. Nilihuzunika, naapa, alikuwa na watoto wadogo. Lakini ndani ya huzuni palikuwa na mtu mdogo aliyekuwa akipiga hesabu: kama huyu aliyekimbiziwa amekufa, basi Katunge angekufa hata ningekimbia. Niliipiga hesabu hiyo kwa miezi. Kila mara ilikubali, na kila mara sikuiamini. Mwishowe niliona kuna mtu mmoja tu anayeweza kuipitisha, na Jumamosi moja nikaenda Katangi.

Mzee Kioko alikuwa amezeeka, lakini alikuwa kwenye karakana yake akipiga randa mbao za mlango. Alinitambua. "Sista wa picha," akasema, ingawa sijawahi kuwa muuguzi, akanivutia kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Machakos na yote yakanitoka.

"Mzee, siku ile uliniuliza kulikuwa na nini kwa bahasha."

"Ulisema namba."

"Nilidanganya. Ilikuwa alama ya kuuliza. Niliona kitu, nikaogopa kuchekwa, nikafuta."

Akaiweka randa chini. "Uliona lini?"

"Ile Ijumaa."

"Yeye alikuwa ameenda?"

"Alikuwa kwa benchi ya dawa. Ningemwita kwa dirisha."

Akaanza kuokota maranda kutoka kwenye suruali yake, moja moja.

"Mimi nimeambia watoto hakukuwa na kitu mtu angefanya," akasema. "Wakilia, nawaambia hivyo. Mimi mwenyewe nikiamka usiku, najiambia hivyo. Ndiyo nalala."

Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikamweleza habari ya dereva: jinsi nilivyokimbia, ubongo ulivyokuwa safi, na jinsi alivyokufa hata hivyo. Nikamwambia kwamba pengine na Mama pia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyo dereva alikuwa Katunge?"

"Hapana, Mzee."

"Basi usiniletee maiti ya watu wengine, mwana wakwa."

Akaingia ndani ya nyumba, akarudi na ile bahasha ya kaki. Alikuwa ameitunza ndani ya nailoni. Akaniwekea magotini.

"Mimi nilikuwa naweka picha ya bibi yangu," akasema. "Sasa hii ni yako."

Akaichukua randa tena. Sikujua kama ananiruhusu kuondoka au ananifukuza, na bado sijui. Nilitembea hadi barabarani nikijua kwamba nimejitua mzigo kwa kumtwika mzee aliyekuwa amelala vizuri.

Kwenye kompyuta zenu kuna kitufe cha kuashiria picha ya dharura. Kibonyezeni, hata kama ni nywele. Siwezi kuwaahidi kwamba mtamwokoa mtu. Dereva yule alinifundisha hivyo. Na msije mkaungama kwa aliyefiwa ili ninyi mlale.

Siku yangu ya mwisho niliiacha bahasha kwenye droo ya pili, chini ya zile herufi za risasi za kuonyesha kulia na kushoto kwenye picha, halafu nikarudi kuichukua. Ninayo hapa mezani. Nikiishika dirishani mstari ni ule ule, na punje ya hindi inakosekana pale pale. Niliiosha dakika zote na moja zaidi, kwa hiyo haijafifia hata kidogo.